Ungo wa Nafasi ya Kumi na Saba

Aikande alihamia ghalani asubuhi moja isiyo na upepo, katika jiji ambalo hata wenyeji wake hawajakubaliana juu ya jina lake. Ilikuwa nyumba yake ya nane kwa miaka mitano. Saba za kwanza alizikimbia, kila moja kwa sababu zake: moja ilikuwa na majirani wanaosalimia mno, nyingine haikuwa na majirani kabisa, ya tatu ilimpa usingizi mzito akaogopa asije akazoea. Kazi yake ilikuwa upimaji ardhi. Alishawafukia watu mawe ya mipaka nchi nzima, huyu aishie hapa, yule aanzie pale, na yeye mwenyewe hakuwahi kukaa mahali miguu isimwashe. Akiulizwa anatafuta nini hujibu kwamba anatafuta mahali pa kukaa akatulia. Alikuwa akisema kweli, ila mahali penyewe alipaogopa pia, na hilo hakulisema kwa mtu.

Mtaa unaitwa Maghalani. Zamani moshi wake ulionekana kutoka mbali, na watu wa mitaa mingine waliweka sufuria jikoni kwa kusikiliza king'ora chake. Kisha mashine zikanyamaza, milango ikafungwa minyororo, popo wakahamia, ikapita miaka thelathini au arobaini, maana kule kuhesabu kuna matatizo yake. Halafu wakaja watu wenye kofia ngumu, wakafukuza popo, wakasugua matofali, wakaugawa ukumbi wa kuchambulia kahawa kuwa fleti sitini. Hawakupiga lipu wala rangi. Ndoano ya kunyanyulia magunia waliiacha inaning'inia juu ya mahali pa meza ya kulia, na dalali alimwonyesha Aikande ndoano hiyo kwa fahari, utadhani ameitundika yeye. Wapangaji wa siku hizi, alisema, wanapenda ukuta uchi. Mimi ninayesimulia sina ugomvi na ukuta uchi. Nashangaa tu kwamba mahali ambapo watu walitoka mbio walipopata upenyo, wengine leo wanasukumana kuingia.

Karibu na dirisha, chini ya vanishi ya sakafu, palikuwa na namba iliyochorwa kwa rangi nyeupe: 17. Aikande aliiulizia kwa Semboja, msimamizi wa jengo, mtu mpole mwenye funguo nyingi na majibu machache.

"Kila fleti ina yake," Semboja alisema. "Mafundi walizifuta. Zinafutika vizuri tu, ila asubuhi unazikuta. Tukaona bora tuzipake vanishi tuseme ni mapambo."

"Na zilikuwa za nini?"

"Nafasi za akina mama waliokuwa wanachambua. Mimi sikuwepo, dada. Nilikabidhiwa funguo tu."

Siku za kwanza Aikande hakukaa. Aliufungua mzigo wake nusu, akaacha nusu kwenye maboksi kama ilivyo desturi yake, akawa anatembea kutoka mlangoni hadi dirishani, hatua ishirini na tatu kwenda, ishirini na tatu kurudi, akiikwepa ile namba bila kujua kwamba anaikwepa. Jua liliingia dirishani saa moja likaganda pale pale, na saa yake ya mkononi ilipomwambia ni mchana, kivuli cha ndoano kilikuwa hakijasogea hata kidole. Kila asubuhi alisikia king'ora. Alimwuliza Semboja, Semboja akasema king'ora kiling'olewa kikauzwa chuma chakavu zamani. Siku iliyofuata kikalia tena.

Akiwa anatembea aliwaza. Mtu ni nani akiondolewa mahali pake? Ukimtoa mwalimu darasani, ukamtoa mama jikoni, ukamtoa mfungwa gerezani, anayebaki amesimama barabarani mikono mitupu ni nani, na anaitwa nani, na nani alimpa ruhusa ya kuitwa hivyo? Yeye amepima viwanja maelfu. Kiwanja akishakipima kinapata namba, na namba ikishaandikwa, watu wanakuja na kuondoka, wanazaliwa juu yake na kuzikwa pembeni yake, na namba haijali. Labda na watu ndivyo walivyo. Labda kuna nafasi tu, zimechorwa tangu zamani na mkono usioonekana, na sisi ni wapita njia tunaozijaza kwa zamu tukidhani ni zetu. Kama ni hivyo, basi aliyechora ndiye mwenye watu. Na kama si hivyo, kwa nini yeye, ambaye hana nafasi hata moja, hajisikii huru? Kwa nini anajisikia kama mtu aliyetoka nyumbani akaacha kitu motoni? Hatua ishirini na tatu. Kugeuka. Hatua ishirini na tatu.

Asubuhi ya nne, au ile aliyoikisia kuwa ya nne, mlango uligongwa kwa kiwiko. Aikande alifungua akamkuta bibi mmoja mwembamba, kanga zake zimepauka hadi maandishi yamefutika, anahema kwa ngazi. Mbele ya tumbo alishika ungo kwa mikono miwili, umejaa buni za kahawa mpaka ukingoni. Aikande alimtambua. Ndiye anayekaa kutwa kwenye baraza ya nje, mgongo ukutani, chini ya dirisha lake hili hili, na yeye alidhani ni muuzaji.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Bibi hakumtazama usoni. Alimpita, akaenda moja kwa moja hadi dirishani, akasimama juu ya namba, akabaki pale amebeba ungo, miguu inamtetemeka.

Hapo ndipo Aikande alipokosea, na kosa lenyewe lilikuwa la adabu. Alilelewa na mama ambaye angemfinya mbele ya wageni kwa kumwacha mtu mzima asimame na mzigo ndani ya nyumba. Akamfuata bibi dirishani, akanyoosha mikono, akamwomba ungo kwa maneno tunayoyasema sote bila kuyafikiri. "Lete nikusaidie, bibi. Kaa upumzike." Akauchukua. Ulikuwa mzito kuliko ulivyoonekana, na miguu yake, alipoangalia chini, ilikuwa imesimama juu ya namba.

Mikono ya bibi ilibaki hewani, imekunjwa vile vile kwa umbo la ungo.

"Ahsante, Tausi," akasema.

"Mimi siitwi Tausi, bibi. Naitwa Aikande."

"Ulikuwa unaitwa." Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayekueleza kwamba umekalia kiti chenye rangi mbichi. "Samahani, mwanangu. Nilitaka nikwambie kwanza, nikaona ukijua hutaupokea. Nimechoka sana."

Akaeleza, na maelezo yake yalikuwa mafupi kwa jambo lililokula umri. Nyapara wa ukumbi ule hakupenda kusumbuka na majina ya wanawake. Wanawake walikuwa wengi, wanaugua, wanazaa, wanafiwa, wanabadilika. Basi alizipa nafasi majina. Ya kumi na sita iliitwa Johari, ya kumi na saba Tausi, ya kumi na nane Zuhura, mpaka sitini. Anayekalia nafasi ndiye mwenye jina, na hainuki mtu mpaka mwingine afike pale pale amtoe ungo mikononi. Hata ukienda haja, kuna mwenzako alikushikia ungo, na kwa dakika tano hizo yeye ndiye Tausi na wewe huna jina kabisa. Mkirudishiana, nyapara haoni tofauti. Katika daftari lake Tausi alifanya kazi miaka sitini bila kuzeeka.

"Siku ya kufunga hakuna aliyetuambia ni ya kufunga," bibi alisema. "Kila mtu alipokewa na mwenzake, na mwenzake na mwenzake, wakawa wanapungua. Mimi hakuna aliyekuja kunipokea, nikawa wa mwisho. Wanaume waliokuja kubeba mashine wakaninyanyua na ungo wangu, wakanitoa nje, wakafunga. Nikakaa ukutani, upande wa pili. Nilipaona ndipo karibu zaidi na nafasi yangu."

"Kwa nini hukuuweka chini?"

"Ukiuweka chini mstari mzima unasimama. Wenzako wote hamsini na tisa."

"Na ukisimama?"

"Sijui, mwanangu. Haukuwahi kusimama." Bibi alitazama viganja vyake, akavipeleka mashavuni, akavishusha. Hakujua pa kuviweka. "Watoto wangu wa kuzaa waliniita Mama Tausi. Mume wangu alinizika moyoni mwake kwa jina hilo kabla hajafa yeye. Lakini mimi naitwa..." Akakunja uso kama anayetafuta kitu gizani. "Nakijwa. Naitwa Nakijwa." Akatoka bila kuaga, mikono inambembea ubavuni, na huko ngazini Aikande alimsikia analirudia jina lake kila kidato.

Kuanzia hapa yule aliyebaki na ungo itanibidi nimwite Tausi. Nimejaribu kumwita vingine, kalamu inakataa.

Alikaa kwanza kwa sababu ungo ulimlemea. Halafu akataka kuuweka sakafuni, akainama, na kabla ungo haujagusa akasikia. Ukumbi ulikuwa umejaa. Hakuona mtu, ila alisikia nyungo hamsini na tisa zikichekecha, chwa, chwa, chwa, kushoto na kulia na nyuma yake mpaka mwisho wa ghala, na alivyozidi kuushusha wa kwake ndivyo zile nyingine zilivyozidi kuchekecha kwa hofu, kama wanaomwomba. Akaunyanyua haraka. Alijaribu tena baada ya saa moja, na tena, na kila mara akashindwa pale pale, kidole kimoja juu ya sakafu.

Basi akachambua. Nyeusi huku, iliyovunjika huku, nzima katikati. Ungo haukupungua. Jua halikusogea. Semboja alikuja na uji asubuhi akamnywesha kwa kikombe kama anayenywesha mgonjwa.

"Semboja, kibao cha mlangoni kinasemaje?"

"Kinasema Tausi."

"Ulikibadilisha lini?"

"Sijakibadilisha, dada Tausi. Tangu uhamie ndivyo kinavyosema." Na alikuwa na uso wa mtu asiyejua kudanganya.

Mawazo yake yalianza kukatika vipande. Nyeusi huku. Nilikuwa na jina lenye herufi nyingi. Iliyovunjika huku. Nilikuwa na kazi, nafukia mawe. Nilifukia mawe ya nani? Nzima katikati. Nilitaka mahali pa kutulia, sasa ninapo, mbona miguu inaniwasha hata nikiwa nimekaa? Nani anaangalia? Nyapara alishakufa. Nani anasikiliza? Kama hakuna anayeangalia, mbona naogopa? Nyeusi huku. Pengine hofu haimhitaji nyapara, inamhitaji mtu mmoja tu mwenye adabu. Huku. Huku. Katikati. Na ukweli mchungu zaidi, ambao hakuusema hata kwa nafsi yake ila mimi nitausema, ni kwamba kulikuwa na saa ambazo alipenda. Kuna raha fulani mbaya katika kujulishwa wewe ni nani na unatakiwa ufanye nini mpaka lini.

Hakujua zimepita siku ngapi alipoingia dada yake. Ndeshi alikuwa mkubwa wake kwa miaka sita, mwanamke mpana anayechechemea mguu wa kushoto, na alipanda ngazi zile na kikapu cha ndizi akigumia njia nzima. Yeye ndiye aliyebaki nyumbani na mama tangu mama alipoanza kuugua. Wakati ule mdogo wake alikuwa na viwanja vya kupima mkoani. Mwaka uliofuata akawa na vingine. Miaka kumi na mmoja Ndeshi amemwogesha mama, amemgeuza, amempikia mtori wa ndizi akamlisha kwa kijiko, na hakuwahi kulitupa hilo usoni kwa mtu. Ningependa angelitupa walau mara moja.

"Tausi, mdogo wangu," Ndeshi alisema, akakaa juu ya boksi lisilofunguliwa. "Umekonda. Ndiyo nyumba gani hii, hata dari hawajamalizia."

"Ndivyo zinavyotakiwa siku hizi, dada. Mama hajambo?"

"Sikupanda ngazi zote hizi kukuletea salamu. Mama hali. Tangu Jumatatu anafunga mdomo hata kwa mtori. Na anamwita mtu." Ndeshi alijifuta jasho kwa ncha ya kitenge. "Kila akifumbua macho anauliza kama Aikande kafika. Aikande kafika, Aikande kafika. Tumeuliza ukoo mzima, hakuna anayemjua. Mjomba anasema labda ni rafiki yake wa utotoni, alishakufa. Nikasema ngoja nije kwako, wewe unayezunguka. Humjui mtu wa jina hilo?"

Nyungo hamsini na tisa zilichekecha. Tausi alilisikia lile jina kwanza miguuni, kisha tumboni, na mwisho kabisa masikioni.

"Namjua," akasema.

"Mungu mkubwa. Yuko wapi?"

"Yuko hapa hapa mjini."

"Basi aje leo. Mama hana siku nyingi, mdogo wangu, sitakuficha. Macho yake yameshaanza kutazama mbali."

"Hawezi kuondoka alipo. Kuna kitu amekishika."

Ndeshi alimtazama, akautazama ungo. Alikuwa mtu wa kuelewa mambo kwa mikono. "Ni hiki hiki kinachokuzuia na wewe kwenda kumwita? Si ungesema." Akainuka juu ya mguu wake mbovu, akasogea hadi dirishani, akanyoosha mikono. "Nipe mimi nikushikie. Nenda kamlete."

Nitasema alichokihisi Tausi, kwa sababu yeye aliona haya kukisema maisha yake yote. Alitaka kuutoa. Alitaka kwa mwili mzima. Mikono yake ilishaanza kwenda mbele. Sekunde tatu tu na angekuwa anashuka zile ngazi na jina lake, anakwenda kwa mama yake, na asingekuwa ameiba chochote, maana Ndeshi mwenyewe ndiye aliyenyoosha mikono. Kama alivyonyoosha kwa mama. Kama alivyonyoosha tangu utotoni kwa kila ndoo, kila mtoto wa jirani anayelia, kila chombo kisichooshwa ambacho mdogo wake alikiacha akaenda kucheza. Akaitazama ile mikono. Ngozi yake ilikuwa imepasuka kwa maji na sabuni, kucha zimekatwa fupi kabisa, kama wanavyozikata wanaogeuza wagonjwa. Akaona kwamba hakuwahi kukimbia mahali popote maishani mwake pakabaki patupu. Kila alipoondoka, palikuwa na mtu aliyeketi nyuma yake akapajaza.

"Usiguse, dada."

Ndeshi alirudisha mikono. "Nimekosea nini?"

"Hujakosea. Wewe kaa mbali na hapa tu. Usikanyage hiyo namba."

Akainama. Nyungo zote zikapiga kelele yao. Alisikia wanawake wakivuta pumzi, alisikia viatu vya mtu mmoja vikija kutoka mwisho wa ukumbi, taratibu, vya mtu asiye na haraka. Akaendelea kuinama. Ungo ukagusa sakafu. Akafungua vidole, kimoja kimoja, kwa sababu vilikuwa vimesahau.

Kimya kikatanda. Mstari umesimama, akawaza, na akafumba macho kumsubiri nyapara. Alisubiri. Nje gari lilipiga honi. Ndeshi alikohoa. Hakuja mtu. Alipofumbua macho alikuwa anatetemeka mikono, na bila kukusudia mmoja ukagusa ukingo wa ungo, na buni zikalia: chwa, chwa, chwa. Akautoa mkono, zikanyamaza. Akaurudisha. Chwa, chwa. Hapakuwa na hamsini na tisa. Ilikuwa mitetemo yake, muda wote ule, ikipanda kwenye ukuta uchi na kumrudia.

Aikande alilia, na hakulia kwa furaha. Alilia kwa hasira, kwa ajili ya bibi aliyekaa miaka arobaini ukutani akitetemeka na kusikia wenzake.

"Na hizo nani atazimalizia?" Ndeshi aliuliza, maana hajawahi kuondoka mahali pakiwa na kazi nusu.

"Hakuna. Beba kikapu, twende."

"Na huyo Aikande?"

"Tunakwenda naye."

Walishuka. Ndeshi alishikilia ukuta, Aikande alimshikilia Ndeshi, na katikati ya ngazi Ndeshi akasimama, akamtazama mdogo wake usoni kama anayemtafuta Aikande humo, wakaendelea kushuka.

Nje, kwenye baraza chini ya dirisha, Nakijwa alikuwa amekaa mahali pake pa siku zote, mgongo ukutani. Viganja viliwekwa mapajani, vitupu, vimekunjwa vile vile. Aliwaona, akajaribu kuinuka, akashindwa.

"Bibi, si ulikwenda nyumbani?"

"Nilikwenda. Mikono haikutaka kulala." Alimtazama Aikande, akamtazama yule dada mwenye kikapu, akarudi kwa Aikande. "Nani amekupokea?"

"Hakuna, bibi. Nimeuweka chini."

Bibi aliuliza kwa sauti ya msichana anayeulizia matokeo yake ya mtihani. "Na mstari? Ulisimama?"

Aikande alijua jibu: hapakuwa na mstari. Lilikuwa limejaa kinywani, na lilikuwa kweli, na lilikuwa lake, kitu cha kwanza kabisa alichowahi kukipata akakaa nacho. Aliyatazama macho ya yule bibi yakimngoja. Akachuchumaa mbele yake, akaichukua ile mikono miwili, akaifunga moja ndani ya nyingine.

"Ulisimama, bibi," akasema. "Wote walisimama."

"Nilijua," Nakijwa akasema. Mabega yakamshuka, kichwa kikaegemea tofali. "Ni mimi niliyekuwa nimewashikilia."

"Ni wewe."

Ndeshi alimvuta mdogo wake kwa mkono wa blauzi, kwa sababu jua lilikuwa limeanza kwenda na njia ilikuwa ndefu. Wakaondoka wakikimbia, mmoja anachechemea, na wala hawakugeuka kuona kama bibi bado anawatazama.